Akiba, bima au ushuru: hesabu ya matibabu kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mkanganyiko ulipo

Tangu 1 Oktoba 2024, siku Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya bima ya hospitali ya NHIF, maswali kuhusu matibabu yamekuwa mengi kuliko majibu katika mitaa ya Mombasa iliyo nje ya kisiwa. Wako waliojisajili kwa simu, wakapokea ujumbe wa kukubaliwa, wakaenda hospitali wakiamini tayari wana bima, kumbe kusajiliwa ni jambo moja na kulipa mchango ni jambo jingine. Wako wanaokatwa mshahara kila mwezi, na wakifika dirishani huambiwa mtambo umelala, au dawa hazipo na wakanunue nje. Kisha, mwishoni mwa mwaka huo huo, likaongezeka jambo la tatu: sheria ya ushuru ilimruhusu mfanyakazi kuweka fedha katika hazina ya matibabu ya baada ya kustaafu, na fedha hizo zisitozwe ushuru. Hapo ndipo mjadala ulipogawanyika. Upande mmoja unauliza: ikiwa mtu anaweza kujiwekea akiba ya matibabu bila ushuru, kwa nini kila mmoja asiachiwe fedha zake, SHA ikaondoka? Upande wa pili unauliza kinyume chake: kwa nini serikali isilipe matibabu yote kwa ushuru inaokusanya kila siku, bila michango wala usajili?

Maswali yote mawili ni ya haki, na yote mawili yana hesabu ndani yake. Nitayapima kwa hali ya Likoni, Kisauni na Changamwe. Kwa sensa ya 2019, kaunti ndogo hizo tatu zilikuwa na watu 674,170 kati ya 1,208,333 wa Mombasa nzima, yaani zaidi ya nusu. Wamo wafanyakazi wa bandari wenye mshahara wa mwezi. Wamo vilevile vibarua wa mabohari ya makontena na viwanda vya Changamwe, waendeshaji wa bodaboda na tuktuk wa Kisauni, wachuuzi wa samaki na akina mama wa mahamri na viazi karai wa Likoni. Watu ambao kipato chao huja kwa siku, na siku nyingine hakiji. Sera inayowafaa watu hawa itamfaa pia mwenye mshahara. Sera iliyoshonwa kwa kipimo cha mwenye mshahara peke yake huwaacha hawa nje, na historia yetu inaonyesha hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu.

Tulikotoka

Mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, serikali ya Kenya iliondoa ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa katika vituo vyake. Mwaka uliofuata ikaunda NHIF, bima ya hospitali kwa waajiriwa. Kwa hiyo tangu mwanzo nchi ilishika njia mbili kwa wakati mmoja: matibabu ya ushuru kwa raia wote, na bima juu yake kwa mwenye kazi ya mshahara. Njia ya kwanza ilichoka pale uchumi ulipochoka. Desemba 1989, katika zama za kubana matumizi kwa msukumo wa wakopeshaji wa nje, ada zilirudi kwa jina la kuchangia gharama. Mahudhurio ya vituo yalishuka, serikali ikazisitisha 1990, kisha ikazirudisha kwa awamu. Mwaka 2004 ada ya zahanati iliwekwa shilingi 10 na ya kituo cha afya shilingi 20. Tarehe 1 Juni 2013 ada za zahanati na vituo vya afya ziliondolewa tena, pamoja na malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Kila mabadiliko hayo yalijibu swali moja la nani alipe, na kila mara jibu lilikuwa la muda.

Njia ya bima nayo ilikuwa na visiki vyake. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote uliosukumwa na Waziri Charity Ngilu, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia saini. NHIF ikabaki na wafanyakazi wa kukatwa mshahara, na watu wa juakali wakaachiwa mlango wa hiari, shilingi 500 kwa mwezi kuanzia 2015. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyounda SHA, ilitiwa saini Oktoba 2023, ikatangazwa kuwa kinyume cha Katiba na Mahakama Kuu Julai 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba, na mpango ukaanza siku chache baadaye. Si ajabu watu walichanganyikiwa. Ndani ya miezi mitatu waliambiwa mpango ni haramu, kisha ni halali, kisha ni lazima.

Chini ya SHA kuna mifuko mitatu, na mkanganyiko mwingi unatokana na kuichanganya. Mfuko wa afya ya msingi hujazwa na Hazina ya Taifa, na ndio unaolipia zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Mfuko wa bima, SHIF, hujazwa na michango: asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa mwajiriwa, na kwa asiye na mshahara, kiasi kinachokadiriwa kwa hali ya nyumba yake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Huo hulipia hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu. Mfuko wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu. Kwa hiyo mkazi wa Mtongwe mwenye homa akienda zahanati yuko upande wa ushuru. Akipelekwa Hospitali ya Likoni amevuka kwenda upande wa bima. Na akihitaji matibabu ya Makadara, kama wenyeji wanavyoiita Hospitali ya Rufaa ya Pwani, amevuka pia kivuko. Gari la wagonjwa hupewa nafasi ya kwanza kwenye feri, lakini haliwezi kupanda feri ambayo haijafika, na hakuna mfuko hata mmoja kati ya hiyo mitatu unaolipia wakati unaopotea pale kivukoni.

Akiba isiyotozwa ushuru inaahidi nini

Wazo la akiba ya matibabu halikuzaliwa Kenya. Singapore iliianzisha 1984 kwa jina la Medisave, ambapo kila mfanyakazi huweka sehemu ya mshahara katika akaunti yake ya matibabu. Marekani ilipitisha sheria yake 2003: mtu mwenye bima ambayo hailipi hadi gharama zifike kiwango fulani kikubwa anaruhusiwa kuweka akiba bila ushuru, ikakua bila ushuru, na kutolewa bila ushuru ikiwa itatumika kwa matibabu. Kwetu, Sheria ya Marekebisho ya Ushuru iliyoanza kutumika 27 Desemba 2024 inamruhusu mfanyakazi kuondoa kwenye mapato yanayotozwa ushuru hadi shilingi 15,000 kwa mwezi anazoweka katika hazina ya matibabu ya baada ya kustaafu. Na kabla ya hapo, 2016, M-TIBA ilileta mkoba wa simu ambao fedha zake zingeweza kutumika kwa matibabu tu katika kliniki zilizoidhinishwa.

Wanaoitetea njia hii wana hoja zenye uzito. Fedha hubaki za mwenyewe, asipougua hazipotei. Mtu anayelipa kwa akiba yake huuliza bei, na daktari anajua ataulizwa. Hakuna karani wa kukataa dai wala hospitali ya kungoja miezi kabla ya kulipwa. Kwa uzee, hoja ina nguvu zaidi. Mfanyakazi akistaafu, bima ya mwajiri mara nyingi hukoma siku hiyo hiyo, na bima ya kibinafsi humtoza mzee ada kubwa au humkataa kabisa. Uzee unaonekana kutoka mbali, mtu ana miaka thelathini ya kujiandaa, na kuweka kidogo kidogo katika miaka ya nguvu kwa ajili ya miaka ya udhaifu ni jambo la akili. Mfanyakazi wa bandari anayeishi Changamwe na kutarajia kustaafu akiwa na miaka 60 ana sababu njema ya kuitumia sheria hii, na sioni haki ya kumlaumu.

Tatizo linaanza pale akiba inapotolewa iwe jibu la maradhi yote kwa watu wote.

Hesabu ya akiba kwa mtu wa kibarua

Tumchukue mtu mwenye nidhamu kweli kweli, anayeweka shilingi 500 kila mwezi bila kukosa hata mmoja. Kwa mwaka ana shilingi 6,000. Kwa bei ambazo SHA ilitangaza kulipa hospitali, kujifungua kwa kawaida ni shilingi 10,000, na kwa upasuaji ni 30,000. Upasuaji huo mmoja unameza akiba ya miaka mitano. Kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo ni shilingi 10,650 kwa kikao. Akiba ya mwaka mzima haifikii kikao kimoja, na mgonjwa huhitaji viwili au vitatu kila wiki. Vikao viwili kwa wiki ni shilingi 1,107,600 kwa mwaka. Pengo hilo halizibiki kwa kujinyima, awe kibarua wa kupakua makontena au mwalimu wa sekondari.

Sababu yake iko katika asili ya akiba yenyewe. Akiba huzitoa fedha za mtu leo ikampa mtu yule yule kesho. Lakini maradhi makubwa hayagawanyiki sawa kati ya leo na kesho ya kila mtu. Yanagawanyika kati ya watu. Katika mtaa mmoja wa Kisauni, nyumba nyingi zitamaliza mwaka kwa homa na vikohozi, na nyumba chache zitakutana na saratani, figo au ajali ya pikipiki. Akiba za nyumba zilizosalimika zitalala, na akiba ya nyumba iliyopigwa itakwisha wiki ya kwanza. Fedha za kutosha zipo mtaani, ila zimefungiwa kila moja katika akaunti yake.

Watu wa Pwani wanalijua jambo hili kwa vitendo. Mtu akilazwa, jioni hiyo hiyo kundi la WhatsApp hufunguliwa, mweka hazina akateuliwa, nambari ya M-Pesa ikawekwa juu, na orodha ya majina na kiasi ikawa inanakiliwa upya kila jina jipya linapoongezwa, mpaka bili itimie au wachangiaji wachoke. Hiyo ni bima, isipokuwa inakusanywa baada ya maradhi kuingia. Kasoro yake ni kwamba inategemea urefu wa orodha ya majina. Mwenye ukoo mkubwa na jamaa walioko Gulf hupona. Mpangaji mgeni aliyekuja kutafuta kazi ya viwandani, asiye na ndugu karibu, hubaki akiitazama bili. Vyama vya akina mama, ambavyo ndivyo akiba ya kweli ya mitaa hii, vina kasoro inayofanana: zamu ya kupokea hupangwa mapema, na ugonjwa haufuati zamu.

Sasa tuangalie msamaha wa ushuru wenyewe unamfikia nani. Shilingi 24,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hutozwa asilimia 10, na kila mfanyakazi hupewa nafuu ya shilingi 2,400, ambayo ni sawasawa na ushuru huo. Anayepata 24,000 au chini, basi, hana ushuru wa mshahara anaolipa, na msamaha haumwongezei hata senti. Mwendesha bodaboda, ambaye kila jioni humpelekea mwenye pikipiki hesabu yake kabla hajahesabu chakula cha watoto, hayumo kabisa. Lakini mtu aliye katika kiwango cha asilimia 30 akiweka shilingi 15,000 kila mwezi huepuka ushuru wa shilingi 54,000 kwa mwaka. Mchango wa chini wa SHA kwa nyumba moja ya juakali ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Kiasi ambacho Hazina ya Taifa inakiacha kwa mtu huyo mmoja kingelipia nyumba 15 za Timbwani au Mjambere.

Hapa huja pingamizi kwamba fedha hizo ni zake, serikali haikumpa kitu. Ni kweli alizitolea jasho. Lakini bajeti haijui tofauti kati ya shilingi iliyotolewa na shilingi iliyosamehewa. Zote mbili huacha pengo, na pengo hujazwa na ushuru mwingine. Mwingi wa huo mwingine hulipwa dukani na kwenye kituo cha petroli, na watu wote. Nikiwa na msamaha wa kiasi hicho mkononi, ningeuliza kwanza nani hawezi kulala hospitali leo, kabla ya kuuliza nani atahitaji kulala miaka ishirini ijayo.

Mifano ya nje inathibitisha mpaka huu. Singapore yenyewe, iliyosifiwa kwa Medisave, iliona kuwa akiba haitoshi. Iliongeza bima ya maradhi makubwa 1990, ikaongeza mfuko wa serikali kwa wasiojiweza 1993, na 2015 ikaifanya bima hiyo kuwa ya lazima kwa raia wote. Katika sheria ya Marekani pia akiba imefungwa pamoja na bima, haisimami peke yake. M-TIBA nayo, kadiri miaka ilivyopita, ilielekea zaidi kuendesha mipango ya bima na fedha za wafadhili kuliko kutegemea akiba ya mtu mmoja mmoja.

Serikali ilipe yote

Upande wa pili unasimama juu ya Katiba. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Uingereza imelipia matibabu kwa ushuru tangu 1948, na mgonjwa haulizwi risiti. Wanaotetea njia hii husema kwa haki kwamba mtu wa juakali tayari analipa. VAT ya mafuta ilipandishwa hadi asilimia 16 Julai 2023, na mwendesha bodaboda anayejaza tangi kila siku huilipa kila siku. Kumwambia mtu huyo kwamba hachangii huduma ya umma ni kumkosea. Njia hii vilevile ndiyo nyepesi kuiendesha: haina usajili, haina kukadiria kipato, haina mtu kurudishwa mlangoni.

Udhaifu wake tunao katika kumbukumbu. Ahadi ya bure bila fedha nyuma yake hugeuka kuwa karatasi ya dawa. Mgonjwa huonwa bila malipo, kisha huandikiwa dawa akanunue duka la dawa lililo mkabala na lango la hospitali, na anachokiita bure kimemgharimu sawa na kliniki ya kibinafsi, pamoja na asubuhi nzima ya foleni aliyoikosa kazini. Ndivyo ilivyotokea miaka ya 1980, na ndivyo inavyotokea kila fidia ya ada zilizoondolewa inapochelewa kufika kwenye kituo. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijafika hapo. Isitoshe, tangu 2013 hospitali ziko chini ya kaunti ilhali fedha nyingi hukusanywa Nairobi. Mgao ukichelewa, hospitali za Likoni na Port Reitz ndizo zinazokosa glavu. Kulipia hospitali zote kwa ushuru kunahitaji ama ushuru mkubwa zaidi ama kuondoa fedha kwingine, na serikali inayoelemewa na madeni haina nafasi pana katika lolote kati ya hayo mawili. Anayependekeza njia hii ana wajibu wa kusema ni kipi kitapunguzwa.

Hata hivyo, kuna sehemu moja ambako hoja ya ushuru haina mpinzani wa maana: zahanati. Gharama ya chanjo, kliniki ya wajawazito, dawa ya malaria na kipimo cha shinikizo la damu ni ndogo, na faida yake huenea hata kwa asiyeugua. Mtu akikawia kutibiwa kifua kikuu, jirani wa ukuta mmoja ndiye hulipa. Historia ya 1989 ilitufunza kwamba ada ndogo tu inatosha kumweka mgonjwa nyumbani. Zahanati ikilipwa kwa ushuru kikamilifu, bila kumuuliza mtu kama amesajiliwa, hospitali zitapokea wagonjwa wachache waliokwisha kuzidiwa.

Bima, na mlango wa mtu asiye na mshahara

Kwa maradhi ya hospitali, kuchanganya fedha za watu wengi ndiyo njia pekee ambayo hesabu yake inakaa. Katika jambo moja SHA imepiga hatua ambayo wakosoaji wengi hawaitaji. Chini ya NHIF, anayepata shilingi 20,000 alilipa 750, na anayepata 100,000 au hata 500,000 alilipa 1,700. Sasa wa 20,000 hulipa 550, wa 100,000 hulipa 2,750, na wa 500,000 hulipa 13,750. Aliye juu amelalamika kwa sauti, na sauti yake husikika haraka. Aliye chini amepunguziwa, na wengi wao hawajaambiwa hivyo.

Mahali SHA ilipokosea ni mlango wa juakali. Kwanza, mchango wao hudaiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Tofauti kati ya shilingi 300 kwa mwezi na 3,600 kwa mara moja, kwa mwanamke anayeuza samaki wa kukaanga, ni tofauti kati ya kuweza na kutoweza. Serikali ililitambua hili ikaleta 2025 mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo wa kulipia mchango kisha kuurejesha kidogo kidogo. Ni nafuu, lakini inamfanya mtu aanze bima yake akiwa na deni.

Pili, kipato hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na vyombo vyake: kuta za nini, paa la nini, choo cha aina gani, maji yanatoka wapi. Maswali haya yana mantiki kijijini. Katika bara ya Mombasa yanapotosha, kwa sababu ya mfumo wetu wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu humiliki kuta na paa lakini shamba ni la mwingine, anayelipwa kodi ya ardhi na anayeweza kumwondoa. Nyumba ya matofali huko Kisauni inaweza kuwa urithi wa babu unaogawanywa na ndugu sita wasio na kazi. Na kinyume chake, mwenye duka zuri anaweza kupanga chumba kimoja. Kuta hazisemi kitu kuhusu kilichoingia mfukoni wiki hii. Matokeo ya vikwazo hivi viwili yalionekana mapema: kufikia katikati ya 2025 waliosajiliwa walizidi milioni 20 nchini, lakini watu wa juakali wanaolipa walikuwa sehemu ndogo yao. Bima ambayo wazima huikwepa na wagonjwa huingia siku ya kulazwa huwa inalipa zaidi ya inachopokea. Tanzania iliona hilo kwa mfuko wa afya ya jamii ulioanzia Igunga 1996. Uanachama wa hiari ulibaki mdogo kwa miaka mingi.

Rwanda ilienda njia nyingine. Iliwapanga wananchi kwa makundi ya kipato, maskini zaidi wakalipiwa, na kwa waliobaki ikatumia vikundi vya kuweka akiba vya mtaani, ibimina, kukusanya mchango kidogo kidogo hadi utimie. Hapo akiba na bima ziliacha kugombana: akiba ikawa njia ya kuifikia bima. Oktoba 2025 Rais William Ruto alizindua mpango wa serikali kuwalipia Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza, na hiyo ni nusu ya kwanza ya somo la Rwanda. Nusu ya pili, ya kuvitumia vyama, bado inatungoja, na Pwani haina upungufu wa vyama.

Wanaosema fedha zitaliwa

Pingamizi zito kuliko yote halihusu hesabu, linahusu uaminifu. Watu wameona NHIF ikiacha madeni ya mabilioni kwa hospitali. Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilizo chini ya chama cha RUPHA zilisitisha huduma za SHA zikidai kulipwa, na Machi Rais akaagiza zinazodai shilingi milioni 10 au chini zilipwe zote. Mwezi huo huo ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ilieleza kwamba mtambo wa kidijitali wa SHA, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Mtu akisoma hayo, akasema afadhali fedha zangu zikae kwangu, hana makosa ya akili.

Nakubali hofu, sikubali hitimisho. Wizi katika mfuko wa pamoja hauifanyi akiba ya shilingi 6,000 kutosha upasuaji wa shilingi 30,000. Mtu aliyejitoa kwenye mfuko hajaepuka hatari. Ameibeba peke yake. Na akijitoa mwenye uwezo, mfuko hubaki wa wasio na sauti, na ukiibiwa hakuna anayepiga kelele zinazosikika. Dawa ya wizi ni kuufupisha mwendo wa fedha na kuuweka hadharani. Sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya inairuhusu hospitali ya umma kubaki na mapato yake badala ya kuyapeleka kaunti. Hospitali ya Likoni ikibandika ukutani kila mwezi kiasi ilichoidai SHA, kiasi ilicholipwa, na dawa zilizonunuliwa, mkazi wa Shika Adabu atajua kama tatizo liko Nairobi, liko kaunti, au liko dirishani pake. Leo hajui, na kwa hivyo huwatuhumu wote.

Mizani

Nikiziweka njia tatu pamoja, kila moja ina mahali pake, na kosa la mjadala wetu ni kuigombania moja itawale zote. Zahanati ilipwe kwa ushuru, bila sharti. Hospitali ilipwe kwa mfuko wa pamoja, na asiye na uwezo alipiwe. Msamaha wa ushuru kwa akiba ya uzeeni ubaki kama ulivyo kwa walioanza kuutumia, lakini usipanuliwe kabla ya orodha ya wanaolipiwa na serikali kufika mitaa hii kikamilifu. Gharama ya msimamo huu naijua: mwenye mshahara mkubwa wa Nyali ataendelea kuchangia zaidi ya anachotibiwa, na hana hakika ya huduma bora kwa malipo hayo. Hilo ni dai halali, na jibu lake ni hospitali kuwa nzuri kiasi cha yeye pia kuitumia.

Linabaki swali la ukusanyaji, ambalo kwa Changamwe ndilo kubwa zaidi. Kibarua wa bohari la makontena ana mwajiri, hata kama ni wa siku moja, na mwajiri huyo ana vitabu vya malipo. Akilipwa shilingi 1,000 kwa siku, asilimia 2.75 ni shilingi 27.50, inayoweza kutumwa SHA kwa simu dakika ile ile anapolipwa ujira. Kwa siku 20 za kazi ni shilingi 550, kiasi kile kile anachokatwa mwenye mshahara wa 20,000. Mwezi ambao meli hazikuleta kazi, hatadaiwa kitu, na jina lake halitafutwa. Hatakiwi kutafuta 3,600 kwa mkupuo, hajibu maswali ya paa wala choo, hakopi. Kinachokosekana ni agizo kwa wenye mabohari, makandarasi wa bandari na viwanda vya kusindika bidhaa za nje, na mtambo wa SHA unaokubali mchango wa siku. Mtambo huo umegharimu mabilioni; wakazi wana haki ya kuuliza kwa nini haujui kupokea shilingi ishirini na saba na nusu.